Sahihi Mia na Sitini, Watu Sabini

Wahadhiri tukikutana kwenye chai ya saa nne, habari ya utoro haikosi, na jibu huwa limeshaiva: vijana wa siku hizi hawataki shule. Ukienda kwenye vimbweta wanakokaa wanafunzi, nako jibu lipo tayari: mwalimu mwenyewe anasoma slaidi tu, tukafuate nini? Mimi nafundisha takwimu katika chuo kimoja Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mratibu wa mitihani wa idara, kazi isiyogombewa na mtu. Karatasi zote za mahudhurio huishia mezani kwangu. Ninachokijua kuhusu utoro nimekipata humo, na kwa watu waliokuja ofisini kwa sababu ya karatasi hizo.

Karatasi yenyewe inakwenda hivi. Mhadhiri akiingia anamkabidhi CR, kiongozi wa darasa, naye anaipitisha mstari kwa mstari huku somo likiendelea. Kila mmoja anaandika jina, namba ya usajili, anasaini. Kipindi kikiisha inarudi mbele, inaingia kwenye bahasha. Kanuni yetu, kama ya vyuo vingi, ni kwamba asiyefikisha asilimia 75 ya vipindi hafanyi mtihani wa mwisho.

Ukizoea kuzisoma unaanza kuona mambo. Majina matano yanayofuatana yameandikwa kwa wino uleule wa kijani, mkia wa herufi g unapinda kushoto kwa wote watano. Sahihi tu ndizo zimetofautishwa: moja imelazwa, nyingine imezungushiwa duara, ya tatu ina nukta mbili chini, utadhani mwandishi alikuwa anashindana na nafsi yake. Kuna muhula nilikuta jina la binti aliyekuwa ameahirisha mwaka kwa ugonjwa. Barua yake ya kuahirisha, yenye mhuri wa chuo, ilikuwa kwenye faili langu. Kwenye karatasi alikuwa anaendelea kuhudhuria vizuri kabisa, wiki kadhaa baada ya tarehe ya barua. Aliyekuwa akimsainia hakupata habari kwamba mwenzake yuko kwao Songea anauguzwa.

Nikaamua, kwa vipindi vyangu mwenyewe, kuhesabu vichwa. Nilihesabu kimyakimya wakati wakinakili jedwali ubaoni. Sahihi mia na sitini, watu sabini. Siku nyingine sahihi ziliongezeka na watu wakapungua.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Mwanafunzi anapata asilimia 75 yake. Mhadhiri wa muda, yule anayelipwa kwa saa na kufundisha vyuo vitatu kwa wiki, anaambatisha karatasi kwenye fomu ya madai, na karatasi iliyojaa hupita kwa mhasibu bila maswali. Mkuu wa idara anapata ripoti isiyo na kelele. Chuo kinapata faili nene la kuwaonyesha wakaguzi. Uongo unaomnufaisha kila aliyeugusa, nani atakwenda kuushtaki?

Halafu kuna suala la viti, na hapo ndipo nilipofunguka macho. Ukumbi ninaofundishia mwaka wa kwanza una viti mia na ishirini, ukijumlisha vile viwili visivyo na mgongo. Waliosajiliwa kwenye kozi ni zaidi ya mia mbili na themanini, kwa sababu inasomwa na programu tatu kwa pamoja: uhasibu, masoko na ugavi. Sasa rudi kwenye ile karatasi. Sahihi mia na sitini ndani ya chumba cha viti mia na ishirini, na hakuna mtu aliyekaa chini. Karatasi kama hiyo imepita ofisi tatu, imegongwa mihuri, imefungiwa kabatini.

Siku moja walikuja wote. Ilikuwa siku ya jaribio la kwanza. Viti vikajaa, ngazi zikajaa, wengine wakabaki kwenye korido wakiandikia madirishani, karatasi zimeegemezwa kwenye nondo. Wa mwisho kabisa alikuwa anasomewa swali na mwenzake aliyekuwa karibu na mlango, na sikuwa na namna ya kujua kama anasomewa swali au jibu. Kipaza sauti chetu kina betri inayokubali kwa dakika kumi, kwa hiyo nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jaribio likaahirishwa, likaja kufanyika kwa zamu. Wiki iliyofuata walirudi sabini kama kawaida, darasa likakaa vizuri, kila mtu na kiti chake na kingine cha kuwekea begi.

Nikikumbuka siku ile huwa najiuliza aliyepanga ratiba alikuwa anawaza nini. Huwezi kuwaweka watu mia mbili na themanini kwenye viti mia na ishirini bila kutegemea kwamba zaidi ya nusu hawatatokea. Hakuna aliyeandika hivyo popote, lakini hesabu ndivyo inavyosema. Ada zao zilihesabiwa mpaka shilingi ya mwisho. Viti vyao havikuhesabiwa.

Tuje kwetu sisi tunaofundisha. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na vilipofunguliwa tena Juni 1 muhula ulibanwa sana. Wengi wetu tukaanza kurusha slaidi na sauti tulizorekodi kwenye kundi la WhatsApp la darasa ili kufidia. Ilikuwa dharura na ilisaidia. Dharura ikaisha, mtindo ukabaki. Leo mwanafunzi anapata slaidi za muhula mzima wiki ya pili, na mara nyingi alishazipata zamani kwa kaka zake wa mwaka wa juu. Mmoja alinionyesha kwenye simu yake slaidi za kozi fulani, ukurasa wa kwanza umeandikwa 2016/17. Hapo tulikuwa 2023. Tukafungua zile ambazo mhadhiri wa kozi alikuwa ametuma wiki hiyohiyo. Ni zilezile. Hata kosa la tahajia kwenye kichwa cha sura ya tatu lilikuwa palepale, ila mwaka ndio uliobadilishwa. Sasa kijana huyo unamwambia nini? Aamke saa kumi na nusu alfajiri, apande gari mbili, aje asomewe kitu alicho nacho mfukoni?

Mtihani nao ukitungwa kwa mtindo huohuo, desa, zile notsi za kurithishana, pamoja na mitihani ya miaka ya nyuma vinamtosha mtu. Wanafunzi wana akili kuliko tunavyopenda kukubali. Wanajua maswali ya nani hujirudia, wanajua sura ipi haikosi, na siku tatu kabla ya mtihani wanakesha, wanapata C, maisha yanasonga. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120, ukijumlisha mihadhara, semina, kazi za kuandika na kujisomea. Kozi ya saa 120 ikifaulika kwa kukesha siku tatu, anayepaswa kuulizwa ni aliyetunga mtihani.

Na sisi pia tunatega. Ujumbe unaingia kwenye kundi saa moja kasoro dakika kumi: "Habari za asubuhi, leo sitakuwepo, tutafidia." Wakati huo aliyetoka Chamazi ameshashuka gari la kwanza na kulipa la pili. Kuna fomu inayothibitisha kwamba mhadhiri amefundisha, na anayetakiwa kuisaini ni CR. Huyohuyo CR anasubiri alama kutoka kwa mhadhiri huyohuyo. Katika miaka yangu yote ya kukusanya fomu hizo sijaona hata moja iliyoandikwa kwamba mwalimu hakuja.

Kati ya wote waliowahi kuitwa ofisini kwangu, ninayemkumbuka zaidi ni kijana mmoja wa mwaka wa pili. Kwenye karatasi hakuwepo kabisa. Ama hakuwa na wa kumsainia, ama hakutaka. Nilimwita kwa sababu alama zake za jaribio zilikuwa nzuri na sura yake sikuijua.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Mbona sikuoni darasani?"

"Madam, asubuhi nakaa kibandani."

Kibanda ni cha mama yake mdogo, Mbagala Rangi Tatu, cha uwakala wa miamala ya simu na benki. Asubuhi ndipo wenye maduka wanapoweka mauzo ya jana, na wanaokwenda Kariakoo kufuata mzigo wanatoa. Ikifika saa tano kunapoa. Asipokuwepo saa hizo, floti, yaani fedha ya kuhudumia wateja, inalala, na kamisheni ndiyo inayolipa awamu za ada, maana mkopo hakupata. Kipindi changu kilikuwa saa mbili asubuhi.

Alikuwa na daftari la kibanda kwenye begi, akanifungulia. Safu za namba kwa kalamu: kuweka, kutoa, floti ya kufungulia, floti ya kufungia. Pembeni, kwa penseli, alikuwa amekokotoa wastani wa pesa zinazotolewa kila siku ya wiki na jinsi zinavyopanda na kushuka kuuzunguka wastani huo, ili ajue Jumatatu abaki na taslimu kiasi gani bila kuishiwa. Mada hiyo tulikuwa tumeifundisha majuzi tu. Yeye aliisoma kwenye slaidi, akaipeleka kibandani, wakati waliokuwa mbele yangu walikuwa bado wananiuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Nikamuuliza kwa nini hakuja kusema mapema. "Ningemwambia nani, Madam?" Nikapitisha akilini orodha ya ofisi zetu, mshauri wa wanafunzi, mkuu wa idara, ofisi ya taaluma, na kila moja nikaiona ikimjibu sentensi moja tu: soma kanuni. Kwa kanuni hiyo, huyu ndiye wa kuzuiwa mtihani, na yule wa wino wa kijani aingie kifua mbele.

Wenye mkopo nao wana hesabu zao. Fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo zilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na ni nafuu kweli. Lakini toa kodi ya chumba Dar, toa milo, toa nauli, toa bando na fotokopi, uone kinachobaki. Kwenye hesabu yangu ya vichwa, bumu jipya, yaani awamu ya fedha hizo za kujikimu, linapokaribia ndipo wanaokaa mbali wanapoanza kupotea, na likitoka wanarudi. Ratiba inawakomoa pia: kipindi saa moja asubuhi, kinachofuata saa tisa alasiri. Mtu wa Gongo la Mboto anarudi nyumbani katikati, au anashinda kwenye kimbweta na njaa yake? Habari ya masika sina haja ya kuieleza kwa mtu wa Dar. Jangwani ikijaa maji na Barabara ya Morogoro ikifungwa, wa Kimara na Mbezi hawapo, na mara nyingi mhadhiri naye hayupo.

Wapo pia wanafunzi ambao sina la kuwatetea. Wapo wanaolala mpaka adhuhuri kwa sababu walikesha na mikeka ya kubeti, wakisubiri timu ya nchi wasiyoweza kuionyesha kwenye ramani ifunge goli la pili. Wapo waliotoka bweni, kwenye kengele ya alfajiri, viranja na kuhesabiwa mstarini, wengine wakapitia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria na filimbi zake, kisha wakafika chuoni wakakuta hakuna wa kuwapigia chochote. Muhula wa kwanza wanalipiza usingizi wa miaka sita. Wengi hujirudi baada ya sapu ya kwanza, ule mtihani wa marudio. Wasiojirudi hudisko, yaani huondolewa chuoni kwa kufeli, na hapo mzigo ni wao, pamoja na hao marafiki wema wanaowasainia.

Ila hata mzigo huo una mtu mwingine anayeubeba bila kujua. Mzee mmoja alikuja kwa basi kutoka Nzega baada ya mwanawe kudisko. Alitoa bahasha ya kaki, akapanga risiti za ada mezani kwa mpangilio wa tarehe, akazinyoosha kwa kiganja.

"Mwanangu, mimi nimelipa zote. Alipokuwa sekondari akikosa siku mbili naitwa shule. Hapa kakosa mwaka mzima, simu yangu haikuita hata mara moja?"

Nikamweleza kwamba chuoni mwanafunzi ni mtu mzima, chuo kinazungumza na yeye mwenyewe, hata matokeo ni yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mtu mzima anayelipiwa na baba yake," akasema.

Nilikuwa nimeshazitoa karatasi za mahudhurio, akaomba azione. Akashusha miwani, akaweka kidole kwenye jina la mwanawe, akafunua ya pili, ya tatu. "Huu si mwandiko wake," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Mwandiko wa mwanangu naujua, huu wa mtu mwingine." Kisha akanyamaza. Nadhani hapo ndipo alipoelewa alichokithibitisha.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi nani anawajibika, naanzia juu. Kwanza ni chuo, kinachosajili watu kuliko viti, kinachopanga ratiba kwa kufuata vyumba vilivyo wazi, na kinachodai asilimia 75 kwenye karatasi ambayo kinajua ni ya uongo. Wa pili ni sisi, kwa slaidi zetu za 2016 na mitihani inayojirudia. Mwanafunzi namweka wa tatu. Mzazi simweki popote, maana hana mlango wa kuingilia hata akitaka. Wenzangu wengi hawakubaliani na mpangilio huu, na mmoja aliniambia wazi kwamba nawadekeza.

Lakini mwenzangu huyo nilimwomba anieleze kipindi cha Ijumaa saa tisa alasiri. Ni kipindi kibaya kuliko vyote, na kinafundishwa na mzee mmoja wa uhasibu aliyestaafu na kurudi kwa mkataba. Darasa lake hujaa. Hapitishi karatasi. Dakika kumi na tano za mwisho anaandika ubaoni hesabu moja, mara nyingi ya duka ambalo mizania yake imegoma kulingana, na kila mtu anaifanya kwenye nusu karatasi na kumkabidhi mlangoni. Nusu karatasi hizo ndizo mahudhurio yake, na kila iliyokabidhiwa ina alama yake. Ukitaka kumwokoa mwenzako lazima umfanyie na hesabu, kwa mwandiko mwingine, na muda hautoshi. Ijumaa inayofuata baadhi zinarudi zimejaa wino mwekundu mpaka pembezoni. Nilimuuliza anawezaje kusahihisha zote.

"Binti yangu, sisahihishi zote. Nasahihisha thelathini. Wao hawajui ni zipi."

Nikamwiga kwenye semina zangu, ambazo zina watu thelathini thelathini, na semina zikajaa. Yule kijana wa kibanda nilimhamishia kundi la saa nane mchana, hakukosa. Kwenye mihadhara ya ukumbini mambo hayakubadilika sana. Nilijaribu kuzuia slaidi mpaka kipindi kiishe, wanaofanya kazi wakalalamika, na walikuwa na haki. Slaidi zikarudi, ila mifano nikaiacha ya ubaoni, na namba zake nabadilisha kila mwaka. Waliongezeka kidogo. Kidogo tu.

Karatasi siwezi kuiacha, kanuni inaidai. Ila siku hizi chini yake naandika mistari miwili, idadi ya sahihi na idadi ya vichwa, na nasaini. Mhasibu alinipigia mara ya kwanza alipoiona. "Madam, hii namba ya pili ni ya nini? Itanichanganyia mafaili." Mwaka jana chuo kikaamua kumaliza ubishi kwa kununua mashine ya alama za vidole. Imefungwa mlangoni mwa ukumbi. Wanapanga foleni, wanaweka kidole, wanaingia mlango wa mbele, na baadhi wanatokea wa nyuma kwenda kwenye chapati na maharage. Ripoti inatoka kwenye kompyuta, ina grafu, na mahudhurio yamepanda.

Kwenye kikao cha idara kilichopita niliomba kitu kimoja: ratiba ya muhula ujao itoke na safu moja ya ziada, idadi ya viti vya chumba kando ya idadi ya waliosajiliwa. Mwenyekiti akasema wazo ni zuri, ila likibandikwa ubaoni litaleta maswali kwa wanafunzi. Nikasema ndiyo maana yake. Katibu ameliandika, litajadiliwa kikao kijacho kwenye mengineyo.